Ukaazi wa Hispania kwa mfanyakazi wa mbali: swali la mshahara si la kwanza

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya kazi kwa intaneti ni hili: mshahara wa kiasi gani unatosha kupata kibali cha kuishi Hispania? Nitalijibu, lakini wanaokwama kwa sababu ya mshahara si wengi kama wanaokwama kwa sababu ya barua ambayo mwajiri wao hakuwahi kuombwa aiandike.

Tuanze na sheria. Desemba 2022 Hispania ilipitisha Sheria namba 28 ya mwaka huo, iliyokusudiwa hasa kuvutia kampuni changa. Ndani yake likaingizwa kundi jipya la wageni, wafanyakazi wa mbali wa kimataifa. Huyu ni mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya, anayetaka kuishi Hispania huku akiendelea kufanya kazi, kwa kompyuta yake, ya kampuni iliyoko nje ya nchi hiyo. Kwa hiyo si ruhusa ya kwenda Madrid kutafuta ajira. Kazi unaondoka nayo nyumbani. Kinachohama ni makazi yako.

Niseme pia neno kuhusu Estonia, maana wapo wanaochanganya. Nchi hiyo ilianzisha ukaazi wa kidijitali Desemba 2014, na watu wa nchi nyingi duniani wanaweza kuuomba. Kadi yake inakuwezesha kufungua kampuni na kutia saini nyaraka kwa mtandao. Haikupi haki ya kulala hata usiku mmoja Tallinn. Inauma kumwona mtu amelipa ada akiamini amepata makazi Ulaya.

Sasa mshahara. Hispania inataka mwombaji awe na kipato kisichopungua mara mbili ya kima cha chini cha mshahara wa nchi hiyo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 1,184, kikilipwa mara 14 kwa mwaka. Ukigawanya jumla kwa miezi 12 kisha ukazidisha kwa mbili, unapata takriban euro 2,763 kwa mwezi. Mtegemezi wa kwanza, tuseme mume au mke, anaongeza asilimia 75 ya kima cha chini, na kila anayefuata asilimia 25. Mama anayehama na mumewe na watoto wawili alihitaji basi karibu euro 4,490. Kima cha chini hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kokotoa kwa kiwango cha mwaka unaoomba.

Kipato hicho lazima kionekane kikiingia mwezi baada ya mwezi. Fedha za kuazima kwa shangazi, zikakaa benki wiki mbili ili taarifa ya akaunti ipendeze, hazimsaidii mtu. Anayelipwa na wateja wengi wadogo kupitia jukwaa la mtandaoni, kisha akahamishia kila kitu kwenye M-Pesa, ana kazi ya ziada. Inampasa kuanza mapema kupitisha malipo benki na kuwaomba wateja wake wakubwa wamwandikie mikataba yenye majina na sahihi.

Hapo ndipo tunafika kwenye barua. Kampuni unayoifanyia kazi iwe imeendesha shughuli zake kwa mwaka mmoja au zaidi, na wewe uwe nayo kwa angalau miezi mitatu kabla ya kuomba. Iandike waziwazi kwamba kazi yako inaweza kufanywa kwa mbali na kwamba inakuruhusu kuifanya ukiwa Hispania. Mwombaji mwenyewe aonyeshe shahada au cheti cha taaluma kutoka chuo kinachotambulika, au uzoefu wa miaka mitatu katika kazi hiyo. Asiye na shahada asikate tamaa. Barua za waajiri wa zamani zenye tarehe kamili zina uzito wake.

Jambo gumu kuliko yote ni hifadhi ya jamii. Mtu anayefanya kazi akiwa katika ardhi ya Hispania anatakiwa awe anachangiwa mahali fulani. Nchi yake ikiwa na mkataba wa hifadhi ya jamii na Hispania, mfuko wa nyumbani unaweza kumpa cheti kwamba michango inaendelea huko. Tuseme dada mmoja ameajiriwa na kampuni ya Nairobi na anakatwa NSSF. Bila mkataba wa namna hiyo, makato yale hayatambuliwi Hispania. Anabaki na milango miwili. Wa kwanza ni mwajiri wake kujisajili kwenye hifadhi ya jamii ya Hispania na kumchangia huko, jambo ambalo kampuni nyingi hulikwepa kwa gharama na usumbufu wake. Wa pili ni kuacha ajira, asaini mkataba wa mtoa huduma, kisha ajiandikishe Hispania kama mfanyakazi wa kujitegemea. Kwa utaratibu ulioanza 2023, anayejiandikisha mara ya kwanza huchangia takriban euro 80 tu kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Anaruhusiwa pia kupokea kazi za wateja wa Hispania, mradi zisizidi asilimia 20 ya shughuli zake.

Mlango huu wa pili unapitika, lakini usiusukume kwa pupa. Anayeacha ajira anaacha likizo yenye malipo, likizo ya uzazi na kinga ya kutofukuzwa ovyo. Kodi nayo inabadilika. Anayekaa Hispania zaidi ya siku 183 katika mwaka huhesabiwa mlipakodi wa huko. Upo utaratibu maalumu, maarufu kwa jina la mwanasoka Beckham, unaotoza asilimia 24 kwa kipato cha kazi hadi euro 600,000, lakini kimsingi ni wa walioajiriwa na huombwa ndani ya miezi sita ya mwanzo. Aliyejiajiri kwa kawaida hubaki kwenye viwango vinavyopanda kadiri kipato kinavyoongezeka.

Nyaraka zilizobaki zinajulikana: pasipoti, bima ya afya kwa asiyekingwa na hifadhi ya jamii, na cheti cha polisi cha kutokuwa na hatia ya jinai. Cheti hicho kihalalishwe kwa utaratibu unaotambuliwa na Hispania, kisha kitafsiriwe Kihispania na mtafsiri aliyeapishwa.

Ukiomba ubalozini unapewa viza ya hadi mwaka mmoja. Kabla haijaisha unaomba kibali cha ukaazi cha hadi miaka mitatu, na ukitimiza miaka mitano ya ukaazi halali unaweza kuomba ukaazi wa muda mrefu.

Kabla hujamlipa wakala yeyote, wala hujatafuta nyumba Valencia, mwandikie mwajiri wako maswali mawili: je, mtaniruhusu kwa maandishi nifanye kazi nikiwa Hispania, na michango yangu ya hifadhi ya jamii italipwa na nani, wapi? Subiri majibu yake kwa maandishi ndipo utoe fedha.