Kipimo cha Kidoleni na Pumzi Zetu



Mizani hutwambia gunia lina uzito gani. Haitwambii kama karafuu zimekauka. Kwa hilo hatuna budi kutia mkono, kuvunja moja mbili na kusikiliza zinavyokatika. Twaomba muikumbuke khabari hiyo mnaposoma juu ya oksimita, kipimo kidogo cha kidoleni ambacho tangu maradhi ya korona ya mwaka 2020 kimeingia katika nyumba nyingi duniani, kwa kuwa bei yake imeshuka sana.

Umbo lake ni kama kibanio cha kuanikia nguo. Ndani mna taa mbili: moja nyekundu, na nyingine mwanga wake hauonekani kwa macho. Mianga hiyo hupita katika kidole. Damu yenye oksijeni huizuia kwa namna moja, na damu iliyopungukiwa huizuia kwa namna nyingine. Kifaa hulinganisha, kikatoa hesabu. Kwa kawaida mtu mzima wa afya huonyesha 95 hadi 100. Njia hii iligunduliwa na Bwana Takuo Aoyagi wa Japani, akaitangaza mwaka 1974. Alikuwa akipima kazi ya moyo kwa njia nyingine, na mapigo ya damu yakimharibia hesabu zake. Akaona kwamba mapigo yale yale yaweza kumpa kipimo kipya.

Faida yake ni kubwa. Mgonjwa wa mapafu aweza kupungukiwa na oksijeni kabla watu wa nyumbani hawajatambua. Mtoto mwenye homa ya mapafu akionyesha chini ya 90, Shirika la Afya Duniani lasema apewe oksijeni. Basi apelekwe hospitali bila kukawia.

Lakini yako mambo ambayo kipimo hiki hakiyaoni sawasawa, nayo yatuhusu sisi hasa.

Kwanza, rangi ya ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichunguza wagonjwa walioonyesha 92 hadi 96. Damu yenyewe ilipopimwa, ilikutwa chini ya 88 katika vipimo kama 12 kwa kila 100 vya watu weusi, na kama 4 kwa kila 100 vya weupe. Basi hesabu nzuri kidogo isitutulize moyo.

Pili, vidole. Hina nyeusi na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga, na mkono wa baridi hupotosha hesabu. Tumia kidole kisichopakwa kitu, mkono upate joto, mgonjwa atulie, ungoje hesabu isimame.

Tatu, na hili ni la khatari, moshi wa mkaa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa oksijeni. Oksimita ya kawaida haiwezi kuitofautisha. Mtu aliyelala chumba kimefungwa na jiko la mkaa limo ndani aweza kuonyesha 98, naye yu karibu ya kufa. Huyo mtoeni nje kwenye upepo, kisha hospitali, msingoje kipimo.

Kwa hiyo mwangalieni mgonjwa mwenyewe pia. Mtoto akiwa ametulia, hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, apelekwe kwa daktari. Kifua cha chini kikiingia ndani avutapo pumzi, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kunyonya, mchukueni upesi, hata kama kifaa chaonyesha 97.

Saa yenye mshale wa sekunde yatosha kwa kazi hiyo, na nyumba nyingi inayo tayari. Mwenye kununua oksimita asiiache saa.