Neno "One" na Wenzake

Tuseme mjomba wako ana duka la nafaka, naye ana mshirika wa biashara akaaye Lusaka, katika nchi ya Zambia, asiyejua Kiswahili. Jioni moja mjomba akuita, akupa karatasi na kalamu, asema, "Mwanangu, mwandikie mwenzangu onyo hili kwa Kiingereza: Mtu akimkopesha jirani fedha, sharti aandike siku, asipofanya hivyo, atapoteza fedha zake." Nawe, kwa kuwa umesoma, waandika upesi:

"When one lends money to a neighbour, he must write down the day, otherwise you will lose your money."

Herufi zote ni sawa, na kila neno limo katika kamusi. Lakini yule mshirika akiisoma barua atasimama katikati na kujiuliza, "Nani aandike siku? Mimi nitoaye fedha, au jirani azichukuaye?" Akidhani kwamba ni jirani, atawaachia wadeni wajiandikie siku wenyewe, na mdeni ajiandikiaye siku huandika ile imfaayo. Hivyo fedha zitapotea kwa barua ile ile iliyoandikwa ili zisipotee. Kosa limo katika maneno matatu madogo: "one", "he" na "you".

Maneno haya husimama badala ya majina, nayo huitwa viwakilishi. Mara nyingi kiwakilishi humsimamia mtu ajulikanaye: tukiisha kumtaja Asha, twaweza kumwita "she", wala hapana atakayeuliza ni nani. Lakini iko habari nyingine, nayo ni ya mtu awaye yote, asiye na jina wala sura: yeyote akopeshaye, yeyote asafiriye, yeyote aumwaye. Kwa mtu huyo Kiswahili kina njia zake. Twasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Wengine husema, "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname." Semi zote mbili ni njema. Lakini je, umepata kumsikia mtu akisema, "Mtaka cha mvunguni sharti uiname"? Hata mtoto asiyeingia shule angecheka. Tumeanza na mtu wa mbali, tukamaliza na wewe uliye hapa. Tumemwacha mmoja mlangoni tukamwinamisha mwingine.

Kinachotulinda ni ile silabi ya mwanzo wa kitendo. Vitendo vyetu vingi hubeba alama ya mtendaji, na alama ikibadilika sikio lashtuka. Kiingereza hakina mlinzi huyo. Tazama: "one must", "you must", "he must", "they must". Kitendo ni kile kile, hakibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mwandishi aweza kuhama kutoka mtu mmoja mpaka mwingine bila kusikia lolote, kama abiria alalaye katika gari la moshi akaamka katika mji asiokusudia kuufikia. Waingereza wenyewe hukosa hapa kila siku, wala si wageni peke yao.

Yafaa tujue neno "one" lilikotoka. Zamani, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza walisema "man" walipotaka kumtaja mtu awaye yote. Wajerumani hata leo husema "man" kwa maana hiyo. Wafaransa husema "on", nalo limetoka katika neno la Kilatini "homo", maana yake mtu. Basi mataifa hayo yote yalishika njia ile ile tuishikayo sisi tusemapo "mtu akifanya hivi". Lakini katika Kiingereza neno hilo lilififia kidogo kidogo, na kufika mwisho wa karne ya 15 lilikuwa limekwisha kuacha kazi yake. Mahali pake pakashikwa na neno la hesabu, "one", yaani moja. (Usilichanganye na "one" ya sokoni. Ukiulizwa, "Do you want a mango?" ukajibu, "Yes, give me one," hapo wataka embe moja tu, na maelezo yetu hayahusiki.)

Sasa neno hili likiisha kuanza sentensi, lifuatwe na nini? Hapa Waingereza na Wamarekani hawapatani. Mwaka 1926 Henry Watson Fowler, aliyekuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, alitoa kitabu kikubwa cha matumizi ya Kiingereza, kilichopigwa chapa huko Oxford. Yeye alitaka "one" ifuatwe na "one", na mali yake iwe "one's", na akijitenda mwenyewe iwe "oneself". Kuchanganya "one" na "his" alikuona kuwa kosa. Lakini Wamarekani wengi tangu zamani huandika "one" mara ya kwanza, kisha huendelea na "he" na "his", wala hawaoni haya. Basi irudie barua yako. Mmarekani aliyezoea desturi hiyo akisoma, "When one lends money to a neighbour, he must write," aweza kudhani kwamba mwandishi ni mkopeshaji. Mwingereza aliyefundishwa kama Fowler atasema, "Kama angalikuwa mkopeshaji, ingaliandikwa 'one', basi 'he' ni jirani." Sentensi ni moja, nao wasomaji wawili wameamuru watu wawili mbalimbali.

Hapa nakiri jambo moja. Hata katika sentensi ya mjomba, ile "a" ya "aandike" ingeweza kumwangukia jirani kama msikilizaji angetaka ubishi. Kiingereza, mtu akiishika sawasawa kanuni ya Fowler, chaeleza jambo hili wazi kuliko Kiswahili chetu, maana "one" haiwezi kuwa jirani kamwe.

Lakini neno hili lina uzito wake. Likirudiwa mara nne au tano katika sentensi moja, msomaji achoka kama achukuaye gunia lisilo lake. Tena lina sauti ya majivuno kidogo. Wako Waingereza wasemao "one" wakimaanisha "mimi" tu, kana kwamba wanaona haya kujitaja. Fowler hakuwapenda watu hao, wala mimi sikushauri uwaige.

Kwa sababu hiyo watu wengi hutumia "you". Neno hili ni jepesi, nalo lafanana na ile "u" ya "ukitaka cha mvunguni". Lina upungufu mmoja: Kiingereza cha leo hakitengi wewe na ninyi, na neno hilo hilo ndilo litumikalo kwa mtu awaye yote. Ukimwandikia mtu mkubwa wako, "You must not steal," aweza kudhani unamtuhumu. Basi mtazame kwanza utakayempelekea barua.

Iko na taabu ya tatu, ambayo sisi hatuijui kwa sababu "yeye" wetu ni mwanamume na ni mwanamke pia. Mwingereza akianza na "a person" au "a pupil", sharti achague: "he" au "she"? Zamani walichagua "he" kwa wote. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitoa sheria isemayo kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia, ila kama sheria yenyewe imeeleza vingine. Hata hivyo watu wa kawaida walikuwa na njia yao wenyewe: tangu karne ya 14 wametumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana. Walimu wengi walikataza jambo hilo kwa muda mrefu. Siku hizi vitabu vingi vya mwongozo vyaliruhusu. Kwa mfano, kile cha chama cha wanasaikolojia wa Marekani, kifuatwacho katika vyuo vingi, kiliruhusu katika toleo lake la mwaka 2019. Lakini mwalimu wako akitaka "he or she", mwandikie "he or she", tena uendelee hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiona yakusumbua, fanya neno la kwanza kuwa la wengi, "pupils", ndipo "they" itakapofuata bila ugomvi.

Neno "it", kama katika "It is raining", halituchelewesi. Halina mtu ndani yake, nalo lafanya kazi ile ya "ku" katika "kumekucha".

Si kwamba kiwakilishi kisibadilike kabisa. Kibadilike pale abadilikapo mtu mwenyewe. Kama kweli wataka jirani atie sahihi yake, usimwite "he" ukamwacha msomaji abahatishe. Mtaje kwa jina la kazi yake: "the neighbour must sign". Neno moja refu zaidi ni rahisi kuliko kesi barazani.

Basi chukua karatasi nyingine. Waweza kuandika:

"When one lends money to a neighbour, one must write down the day; otherwise one will lose one's money."

Au:

"When you lend money to a neighbour, you must write down the day, otherwise you will lose your money."

Ya kwanza yafaa katika kitabu cha kanuni za duka, kisomwacho na watu wengi wasiojulikana. Lakini hii ni barua, tena yaenda kwa mtu mmoja, ambaye ndiye atakayefungua sanduku na kutoa fedha. Mwandikie ile ya pili. Kisha msomee mjomba kwa Kiswahili, ukianza, "Ukimkopesha jirani fedha," ili naye aone kwamba umemgeuza mtu wake kuwa "wewe", na akikubali, itie barua katika bahasha.