Madoa Mekundu ya Nondo wa Marejea

Nondo wengi hujificha mchana. Hujibandika kwenye gome la mti wakafanana nalo, wakangoja giza. Utetheisa pulchella, nondo wa marejea, hana habari hiyo. Ukipita kwenye shamba la marejea jua likiwa limewaka, huruka mbele ya miguu yako, akaenda hatua chache na kutua tena waziwazi.

Ni mdogo: mbawa zikitandazwa ni sentimita 3 hadi 4 tu. Mbawa za mbele ni nyeupe, zimetapakaa vidoa vyeusi na mabaka mekundu. Akitua huzizungushia mwilini, akawa mwembamba kama kijiti. Za nyuma, zenye ukingo mweusi uliopindapinda, huonekana akiruka tu. Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Yupo Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya, na miaka mingine huhama hadi kufika Uingereza.

Siri ya ujasiri wake imo katika chakula. Marejea ina alkaloidi za pirolizidini, sumu inayoharibu ini la ng'ombe anayeila kwa wingi. Kiwavi wa nondo huyu hula majani, kisha hutoboa maganda na kula mbegu. Sumu haimdhuru, huiweka mwilini, akabaki nayo hata akiwa nondo kamili. Wekundu ule, basi, ni onyo, tena onyo la kweli.

Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell alilichunguza jambo hili kwa jamaa ya nondo huyu aishiye Marekani, Utetheisa ornatrix. Nondo huyo akinasa kwenye utando wa buibui, hatapitapi. Buibui huja, humpapasa, kisha hukata nyuzi mwenyewe na kumwachia aende zake. Lakini waliolelewa kwa chakula kisicho na sumu waliliwa, ingawa rangi zao zilikuwa zilezile.

Dume naye hutengeneza harufu yake ya kuposea kutokana na sumu hiyo, na wakati wa kujamiiana humpa jike sehemu ya akiba yake. Kwangu mimi, hiyo ni mahari halisi. Jike huipitisha kwenye mayai, na wadudu walao mayai huyakwepa. Anayeyafuata ni kiwavi wa jamii yao wenyewe: akikosa alkaloidi za kutosha, hula mayai ya wenzake, na huchagua yale yenye sumu.