Nani Atamwambia Mkubwa? Utangulizi wa Somo la Mawasiliano Kazini

Wengi wanaoanza somo hili hutarajia kufundishwa kuandika barua pepe, kuendesha kikao kisichochosha na kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Mambo hayo yamo, na yana faida yake. Lakini kiini cha somo ni kingine. Mahali popote pa kazi, aliye karibu zaidi na kazi yenyewe ndiye anayeiona kasoro kwanza, na mara nyingi ndiye mwenye cheo kidogo. Fundi wa zamu husikia mashine ikibadili mlio. Karani wa masijala anajua faili lipi halijarudi, na kwa nini. Muuguzi wa usiku anajua mgonjwa yupi amebadilika tangu saa nane. Mwenye mamlaka ya kuamua yuko ofisini, au amelala nyumbani. Tunachochunguza ni safari ya habari hiyo kutoka kwa mdogo hadi kwa mkubwa: inakwama wapi, nani anaipunguza njiani, na kwa nini mara nyingine haianzi kabisa.

Mfano ninaopenda kuanza nao uko Ifakara, katika bonde la Kilombero. Mwaka 2007 na 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya upasuaji salama. Nyingine zilikuwa katika miji ya Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila na Auckland. Orodha hiyo ni ya ukurasa mmoja tu, ina vipengele 19, na husomwa kwa sauti katika hatua tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Vipengele vingi ni vya kitabibu. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Dawa ya kuzuia maambukizi ameshapewa? Vifaa na pamba vimehesabiwa? Kimoja hakihusu tiba hata kidogo: kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake.

Msomaji mgeni anaweza kukiona hicho kuwa cha kupoteza muda. Mimi nakiona kuwa moyo wa karatasi nzima. Muuguzi ambaye sauti yake imeshasikika chumbani, hata kwa kutaja jina tu, ataitoa tena kwa wepesi zaidi atakapoona pamba moja haijulikani ilipo. Na daktari bingwa anayejua aliye mkono wake wa kushoto anaitwa nani, hatamwita kwa kupiga vidole. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa Januari 2009. Katika hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Naomba hapo hapo mwanafunzi asikimbilie kushangilia. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizokuwa zimeanza kutumia orodha kama hizo. Wachunguzi hawakuona vifo wala matatizo yakipungua kwa kiasi cha maana. Wataalamu wamebishana sana kuhusu tofauti hiyo. Mimi niko upande wa wale wanaosema kwamba kuweka alama za vema kwenye karatasi ni jambo moja, na watu kusikilizana ni jambo jingine kabisa. Karatasi inaweza kujazwa yote na mtu asiwe amesema neno.

Kabla ya waganga, walioamka mapema ni watu wa anga, na waliamshwa na msiba. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi: ukungu mzito, uwanja uliofurika ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa Gran Canaria, na mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini kinasa sauti kilihifadhi jambo moja lililobadili historia ya somo letu. Ndege ya KLM ilipoanza kukimbia, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Nahodha alimjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Nahodha huyo alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa shirika lake.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba, ndege ya United iliishiwa mafuta hewani karibu na Portland, Marekani, wakati nahodha wake akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake walijua mafuta yanakwisha. Walitaja, lakini kwa upole uliompita. Walikufa watu 10. Mwaka 1979 NASA iliitisha mkutano wa wataalamu kuhusu jinsi marubani wanavyofanya kazi pamoja, na mwaka 1981 United ikaanza kufundisha jambo ambalo halikuwa la kiufundi: msaidizi afundishwe kusema, na nahodha afundishwe kuuliza. Nusu ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayosahaulika semina kama hizo zinapoletwa maofisini kwetu.

Hapa lazima nizungumzie heshima. Wapo wanaodai kwamba ukimya wa wadogo ni ugonjwa wa Waafrika na Waasia, waliolelewa kumwamkia mkubwa na kutomkatiza. Siwezi kukubali. Nahodha yule wa KLM na mhandisi wake walikuwa Waholanzi, watu wanaosifika kwa kusema wazi bila kujali cheo. Cheo kina uzito wake kila mahali. Adabu yetu, kwa upande wake, imebeba njia nyingi za kufikisha onyo zito bila kumvunjia mtu heshima. Sista anayesema, "Daktari, samahani, naomba tuhesabu pamba tena," amesimamisha upasuaji mzima, na hajamdhalilisha mtu. Hatari ni pale upole unapozidi hadi ujumbe wenyewe ukatoweka: mtu anaguna, anasema "labda", anaishia kutikisa kichwa. Kazi yetu ya utafiti ni kutofautisha hali hizo mbili kwa kusikiliza mazungumzo halisi, neno kwa neno.

Vitabu vingi huanza historia ya somo hili katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako uchunguzi ulianza mwaka 1924 kwa kupima mwanga wa taa na uzalishaji. Matokeo yake yamepingwa sana, nami sitakaa nayo. Ninachokithamini ni kilichofuata mwaka 1928, pale wachunguzi walipoanza kuwahoji wafanyakazi, ambao mwishowe walizidi 20,000. Walianza na orodha ya maswali, wakagundua kwamba watu walitaka kuzungumzia mengine, wakaiweka orodha kando na kusikiliza. Katika miaka hiyo hiyo Mary Parker Follett alikuwa akifundisha kwamba amri bora haitoki kwa bosi bali kwa hali ya kazi yenyewe, ikitazamwa na wote wawili. Anayemsoma leo atashangaa jinsi mawazo yake yalivyo mapya bado.

Kuna mtego mmoja wa kipimo ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua mapema. Amy Edmondson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zilionyesha kinyume: wodi hizo ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja. Kwa hiyo meneja anayejivunia ripoti safi huenda anaangalia hofu ya watu wake.

Nisingependa mtu aondoke akidhani historia hii yote ni ya ng'ambo. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma Tanzania. Mwaka 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma wakaushika. Migomo ikazuka viwandani, na mingi haikuwa ya mishahara bali ya kauli na mwenendo wa mameneja. Baadhi ya mameneja hao walifungiwa nje ya viwanda walivyoviongoza. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chao. Issa Shivji aliyachambua matukio hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Ninawasihi wanafunzi wa mawasiliano wayasome sambamba na Hawthorne, kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo semina za mawasiliano kazini huliruka: mtu aliyedharauliwa kwa miaka hatafunguka kwa kuwekewa sanduku la maoni ukutani. Baraza lisilo na uwezo wa kubadili chochote hugeuka mahali pa kusomewa matangazo.

Swali ambalo ingefaa vijana wetu walibebe sasa ni la lugha. Muuguzi anazungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, anaandika faili kwa Kiingereza. Kikao kinafunguliwa kwa Kiingereza, utani unapigwa kwa Kiswahili, na uamuzi unaandikwa tena kwa Kiingereza. Aliyenyamaza katika kikao hicho huenda hakumwogopa bosi; huenda aliogopa kukosea mbele ya wenzake. Hivyo ni vikwazo viwili tofauti, na dawa yake si moja.

Anza na kikao kimoja unachoruhusiwa kukihudhuria. Andika nani alisema kabla ya mkubwa kutoa msimamo wake na nani alisubiri, kila mmoja kwa lugha gani, na nani alikatizwa. Baadaye sikiliza yanayosemwa kwenye korido na katika kundi la WhatsApp lisilo na bosi ndani yake, uyalinganishe na muhtasari uliosambazwa. Omba ruhusa kwa wahusika wote, na ufiche majina yao kwa uangalifu mkubwa, maana aliyekuamini hadi akakuambia ukweli ana kibarua cha kupoteza.