Unga Mweupe juu ya Dungusi: Adui wa Bustani au Rafiki wa Mfugaji?

Mtu ashukaye kutoka vijiji vya milimani, kama vile vya Mhezi katika Milima ya Upare, kuelekea tambarare za Same, huona jinsi uoto unavyobadilika kadiri mvua inavyopungua. Mahali pa migomba huonekana mimea yenye mashina manene yanayohifadhi maji. Miongoni mwake mna jamii mbili ambazo macho huzichanganya kwa urahisi, yaani jamii ya mnyaa na jamii ya dungusi.

Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao ni hatari kwa macho. Dungusi nyingi hazina utomvu wa namna hiyo, na miiba yake huota kutoka katika vinundu vidogo vyenye manyoya. Tena, asili ya dungusi ni bara la Amerika. Ni spishi moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota kwa asili barani Afrika, ikining'inia juu ya miti katika misitu yenye unyevu, ikiwemo ya Tanzania. Nyingine zote, pamoja na mpungate unaopandwa kuwa ua na dungusi za mapambo zinazopandwa bustanini, zililetwa na binadamu. Baadhi ya wadudu wake waliletwa vivyo hivyo.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni wale wanaofyonza utomvu. Vidung'ata ni wadudu laini waliofunikwa kwa unga wa nta. Hujificha katikati ya miiba, na wengine huishi mizizini, hata mmea ukadhoofika bila sababu kuonekana. Vidugamba hujifunika kwa gamba na huonekana kama mabaka ya kahawia au kijivu. Utitiri, ambaye kisayansi si mdudu kwa kuwa ana miguu minane, huacha makovu ya rangi ya kutu. Wa nne ni kochinili, wa jenasi Dactylopius, ambaye hufanana sana na kidung'ata.

Kipimo cha kuwatofautisha ni rahisi na chaweza kufanywa darasani. Mdudu huondolewa kwa kijiti na kupondwa juu ya karatasi nyeupe. Akiacha doa jekundu lililokolea, la rangi ya damu ya mzee, huyo ni kochinili. Wekundu huo ni asidi ya kaminiki, kemikali inayomkinga dhidi ya sisimizi na maadui wengine. Wenyeji wa Meksiko na Peru walimfuga mdudu huyu kwa ajili ya rangi ya nguo tangu kabla ya kufika kwa Wahispania, na hadi leo rangi yake hutiwa katika vyakula na vipodozi.

Kochinili jike hana mabawa. Akishapata mahali pa kufyonza, hukaa papo hapo maisha yake yote. Dume ana mabawa, lakini hali chochote na huishi siku chache tu. Wanaoeneza kizazi ni watoto wachanga, ambao nyuzi zao ndefu za nta huwawezesha kupeperushwa na upepo. Mvua kubwa huwaangusha na kuwaua. Kwa hiyo huongezeka zaidi wakati wa kiangazi na mahali pakavu. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba hula mimea ya jamii ya dungusi peke yake. Mahindi, maharage na migomba haiwezi kudhurika.

Je, mdudu huyu ni adui? Jibu linategemea mmea alio juu yake. Katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, mpungate wa spishi Opuntia stricta ulivamia malisho, na vimiiba vyake vikajeruhi midomo na matumbo ya mbuzi na ng'ombe. Mwaka 2014 wataalamu walimwachia huko Dactylopius opuntiae, naye akaanza kuudhoofisha mpungate huo. Kwa mfugaji, unga mweupe ukawa habari njema. Huko Tigray, Ethiopia, mambo yalikwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 spishi nyingine, Dactylopius coccus, ililetwa ili kuzalisha rangi ya biashara. Wadudu walipoachwa bila kuvunwa ipasavyo, walisambaa na kuangamiza mipungate ambayo matunda yake yalikuwa chakula cha watu na majani yake malisho ya mifugo. Spishi za jenasi moja zimeleta nafuu upande mmoja na hasara upande wa pili.

Kwa mwenye bustani, kosa la kawaida ni kukimbilia sumu. Nta huzuia maji ya dawa yasimguse mdudu, ilhali mdudu kibibi na nyigu wadogo wanaomwinda hufa upesi. Thamani ya nyigu hao ilidhihirika pale nyigu kutoka Amerika Kusini, aliyeachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, alipowadhibiti vidung'ata wa muhogo katika nchi nyingi za Afrika.

Njia ifaayo ni hii. Kwanza, mmea wenye wadudu utengwe na mingine. Pili, wadudu wasuguliwe kwa brashi ngumu na maji. Tatu, waliobaki waguswe mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, au wanyunyiziwe maji ya sabuni, kiasi cha mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita moja. Kazi hii ifanyike jioni, na sehemu ndogo ijaribiwe kwanza, kwa maana jua kali laweza kuunguza ngozi iliyoloweshwa. Nne, irudiwe kila baada ya siku saba kwa majuma matatu, ili kuwapata wanaoanguliwa baadaye. Ikiwa mizizi imeshambuliwa, udongo wote uondolewe, mizizi ioshwe na kukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kisha mmea upandwe katika udongo mpya. Sisimizi nao wazuiwe, kwani huwalinda vidung'ata ili wapate majimaji matamu wanayoyatoa.

Vipande vilivyokatwa visitupwe kando ya barabara. Kila kipande cha mpungate chaweza kutoa mizizi na kuwa mmea mpya, pamoja na wadudu wake. Vichomwe au vifukiwe shimoni. Wala mtu asichukue kochinili kutoka mahali pengine na kumwachia kwenye pori la mipungate kwa nia ya kuwasaidia wafugaji, kwa kuwa upepo hautambui mpaka kati ya pori na ua wa jirani. Kazi hiyo huhitaji majaribio na kibali, na mashauri yake hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha.

Mwanafunzi mwenye kioo cha kukuzia, kijiti na karatasi nyeupe anaweza kuanza uchunguzi huu katika bustani ya shule. Jina la mmea na jina la mdudu yajulikane kwanza. Uamuzi wa kuua au kuacha ufuate baadaye.