Mlevi Feki, Mangumi Original

Wasee, movi mob za kung fu za kitambo ukizitoa mangumi hazibaki na kitu. Drunken Master ya 1978 ni ingine kabisa. Hapo ukitoa mangumi umetoa na vicheko, juu director Yuen Woo-ping alizipika sufuria moja.

Jackie Chan ni Wong Fei-hung. Huyu Wong alikuwa msee wa ukweli, daktari na fundi wa kung fu wa kutoka Foshan, China, alizaliwa 1847. Hong Kong walikuwa washamzoea akiwa mzae wa heshima zake: tangu 1949, Kwan Tak-hing alikuwa amemcheza kwa movi zaidi ya 70. Alafu Woo-ping anakam anamgeuza kijana mtukutu, mjuaji, wa kukatia manzi asijue ni kazin yake, na auntie anamshikisha adabu mbele ya watu. Ni ka mtu atoe movi ya Kimathi akiwa boi wa form two, kazi ni kuruka fens.

Mbuyu wake akichoka, anamtuma kwa odijo mlevi, Beggar So, mzae wa pua nyekundu. Anayemcheza ni Yuen Siu-tien, fathee ya Woo-ping mwenyewe. Na mazoezi ya huyo mzae ni noma! Kuna place Jackie ananing'inizwa miguu juu, kichwa chini. Ndoo ya maji iko chini, ingine tupu iko juu. Anachota na vikombe vidogo, anajikunja hadi juu, anamwaga, anarudi chini tena. Unacheka vile anasota, lakini ukicheki hiyo tumbo ikikaza unajua hapo hakuna kamchezo. Jackie alilelewa kwa shule ya opera ya Peking, kuruka na kuanguka alifunzwa akiwa mtoi.

Sasa staili yenyewe. Ni ya wale miungu wanane walevi, kila mmoja na mwendo wake. Cheki mkono: ngumi haifungwi, vidole vimejikunja ka vimeshika kikombe cha tei, na hivyo vidole ndio vinaingia kwa koo. Cheki miguu: anayumba, adui anapiga hewa, na ile kuanguka ndio inabeba teke. Kila mahali unadhani msee amezima, ndio anapiga.

Mungu wa nane ni Miss Ho, mwanamke. Wong aliruka hiyo somo, alidai ni ya madem. Fainali inafika, adui ni Thunderleg, muuaji wa kulipwa, anayechezwa na Hwang Jang-lee, mbabe wa taekwondo mwenye mateke ya kupasua hewa. Miungu saba wanaisha, jamaa bado amesimama. Beggar So anamwambia atoe Miss Ho. Hana! Basi anaibuni hapo hapo: anajipodoa, anakatika kiuno, anarembua macho, na katikati ya hiyo madoido anashusha kichapo. Thunderleg anachanganyikiwa, hajui ka anatongozwa ama anauawa. Hata bila DJ Afro kukuchambulia, mbavu zitakuuma.

Na kitu ingine, kamera inakaa mbali na kutulia. Unaona mwili mzima, kichwa hadi ndula, na mapigo kadhaa yanapita kabla picha ikatwe. Movi nyingi za siku hizi kamera inaruka kwa kila ngumi, hadi hujui nani amemguza nani. Si ajabu Hollywood walimtafuta Woo-ping awapangie mangumi za The Matrix, 1999.

So ukiicheki wikendi hii, usijaribu hizo vitu ukitoka kwa base. Mlevi wa ukweli akiyumba anaenda chini na hajui ataokotwa na nani. Kuyumba ka Jackie lazima uwe sober kuliko kila mtu kwa hiyo ploti.