Utangulizi: Tope la Lwiro na Elimu ya Kukwamua Gari

Karibu kila anayeingia katika elimu hii huja na swali moja: ninunue kibao gani? Ameona picha za vibao vya plastiki vyenye meno, vya kutandika chini ya tairi, vimefungwa ubavuni mwa gari-nyumba, naye anadhani kazi inaishia dukani. Mimi humuuliza atakwama wapi. Udongo ndio unaochagua kifaa. Gari na dereva wanafuata.

Ndiyo sababu kitabu hiki kinaanzia Lwiro, mashariki mwa Kongo. Hapa, kwenye miteremko ya Kabare chini ya mlima Kahuzi, Wabelgiji walijenga makao ya taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ambayo leo ni kituo cha utafiti cha CRSN. Wageni huja kwa ajili ya maktaba yake, mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi, au sokwe yatima wanaotunzwa jirani. Nakuomba utazame chini, barabarani. Mvua huanza Septemba na haitulii hadi Mei. Ukiiacha barabara ya taifa RN2 kupanda kuelekea kituoni, au ukishika RN3 pale Miti kwenda Bunyakiri kupitia hifadhi ya Kahuzi-Biega, unapita juu ya mfinyanzi mwekundu uliotokana na miamba ya volkano. Kiangazi unatoa vumbi tu. Masika unameza gurudumu hadi ekseli.

Chukua bonge la udongo huo, ulikande kwa maji kidogo, kisha uliviringishe kiganjani mpaka uwe uzi. Uzi ukianza kukatikakatika ukiwa na unene wa milimita 3 hivi, umefika kwenye mpaka ambao mkemia Mswidi Albert Atterberg aliueleza mwaka 1911: maji yakipungua zaidi, udongo unavunjika, yakiongezeka, unafinyangika. Endelea kuongeza maji nawe utafika mpaka wa pili, ambapo udongo unatiririka wenyewe. Kati ya mipaka hiyo miwili kibao kina kazi, kwa sababu udongo bado unaweza kukibeba. Ukishavuka wa pili, kibao kinazama pamoja na gurudumu. Hapo huna budi kuchimba mpaka ugongane na ardhi ngumu, au kuvutwa.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wengi ni hili la uzito. Gari likikwama, vijana hupanda kwenye bampa ya nyuma na kurukaruka ili tairi zishike. Kwenye mchanga au changarawe wana haki, maana msuguano wa chembe huongezeka kadiri unavyozigandamiza. Kwenye mfinyanzi ulioshiba maji mambo yanageuka. Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoweka msingi wa elimu ya udongo kwa wahandisi, alionyesha kwamba mzigo wa ghafla hubebwa kwanza na maji yaliyomo kati ya chembe, si na chembe zenyewe. Udongo haupati nguvu yoyote mpya. Gari linazama tu. Kinachosaidia hapo ni upana. Punguza upepo wa tairi kwa nusu na unyayo wake unakaribia kuwa maradufu, hasa kwa urefu. Tandika kibao, mafungu ya matete, au mbao, na unyayo unakuwa mkubwa zaidi. Kuna tofauti moja: tope likiwa ni utando mwembamba juu ya ardhi ngumu, unahitaji kulikata na kufika chini, na hapo minyororo ya tairi inashinda kibao chochote.

Kuhusu vifaa vya kuokota kando ya barabara nina msimamo mkali. Mgomba usitumie. Unapatikana kila shamba, unakatika kwa pigo moja la panga, na shina lake ni maji matupu yanayoteleza. Mkaratusi ni bora, ila uutoe kwanza gome bichi na uache utelezi wake ukauke.

Barabara moja, hata fupi, ina udongo wa aina nyingi. Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, alilieleza hilo katikati ya miaka ya 1930: kutoka kileleni hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima, na mpangilio huo akauita katena. Kwa dereva hii ni ramani. Akishajua alipokwama kwenye mteremko mmoja wa Kabare, anaweza kukisia atakapokwama kwenye unaofuata. Dereva wa Usukuma naye ana katena yake, ila bondeni kwake kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kuziba meno yote ya tairi. Kibao kinachosifiwa Lwiro huenda kikamwangusha Shinyanga.

Historia ya vifaa vyenyewe imejaa kuazima. Mikanda ya mpira ambayo Adolphe Kégresse aliibuni kwa ajili ya theluji ya Urusi ndiyo iliyoyavusha magari manane ya Citroën kutoka Aljeria hadi Kongo katika safari ya 1924 na 1925. Mwingereza Ralph Bagnold, katika majangwa ya Misri na Libya, alitandika mabati mazito ambayo awali yalitengenezwa kuezekea mahandaki ya vita. Mwaka 1938 Mwitaliano Attilio Gatti alianza safari ya Kongo ya Wabelgiji na nyumba mbili za kifahari za magurudumu, zikivutwa na malori ya International. Msomaji mwenye gari-nyumba ajue kwamba si wa kwanza kuleta kitanda chake kwenye tope hili. Hesabu zilikuja baadaye. M. G. Bekker, mzaliwa wa Poland, alichapisha mwaka 1956 kitabu kilichoufanya mwendo wa gurudumu juu ya ardhi laini kuwa somo kamili, na elimu hiyohiyo ilitumika kubuni gari lililotembea mwezini mwaka 1971.

Gari-nyumba lina ubaya wake. Ni refu kwenda juu, na mara nyingi uzito wake umelalia nyuma. Kabla ya kugusa jembe, mwaga maji ya tangi: kila lita 100 ni kilo 100. Usikanyage mafuta kwa hasira, kwa sababu gurudumu linalozunguka bure juu ya kibao cha plastiki huyayeyusha meno ya kibao hicho.

Kuvuta nimekuweka mwisho kwa makusudi. Kanuni ya mafundi wa majeshi inasema tope likiwa limefika kwenye magurudumu bila kuyafunika, nguvu inayohitajika inalingana na uzito wa gari zima. Likifika kwenye madigadi, ni mara mbili. Gari la tani 5 linaweza basi kudai tani 10, na winchi nyingi za magari madogo hazifiki hata nusu ya hapo. Kapi moja huongeza nguvu maradufu, na saa moja ya jembe huenda ikakuondolea haja ya kapi. Vijana wenye majembe utakaowakuta barabarani wanalijua hilo kuliko wahandisi wengi, ila bei mpatane kabla hawajaanza kuchimba. Kamba ikishakazwa, watu wote wasogee mbali kuliko urefu wake, na asiwepo wa kuiruka. Sura ya kwanza inaanza na jembe.